Kisu cha Baba Yao

Marehemu mume wangu aliacha kisu kimoja na wana wawili. Angejua hesabu hiyo itanitesa hivi, angezikwa nacho.

Mkubwa ana bucha. Mdogo anachomelea mageti. Kila Idi ya kuchinja wanagombea nani ashike kisu cha baba yao. Mwaka huu niliwaonya: "Beberu ni wangu, nimemnuia marehemu. Atakayenitibulia atanijua nilizaliwa na nani."

Asubuhi ya Idi nilitangulia na mdogo kwenda kuswali. Mkubwa akasema anatufuata. Tuliporudi, beberu ananing'inia mlangoni, ngozi imeshuka nusu, damu imefika kizingitini.

"Kaka, umechinja kabla ya swala?"

"Nimewapunguzia kazi."

"Mchinjaji mzima hujui? Kabla ya swala hiyo si dhabihu, ni kitoweo tu! Umempokonya baba thawabu zake!"

"Wewe mla cheche utanifundisha kuchinja?"

Mdogo akamtwanga kichwa cha pua. Niliisikia ikivunjika kama kuni kavu. Mkubwa akazungusha kisu, mdogo akakidaka kwa kiganja, nyama ikafunguka mpaka mfupa ukachungulia. Wakaporomoka kwenye utumbo wa beberu, wakibiringishana. Mkubwa akaibuka juu, kisu kimeshagusa koo la ndugu yake. Na mkono ule, jamani, unaijua kazi yake.

"Mwanangu, Nabii Ibrahimu aliambiwa aache. Wewe nani kakuambia uendelee?"

Hakusikia. Nikashika mchi, nikauteremsha kwenye kifundo cha mkono wake. Kwaa! Mkono ukalegea kama tambara. Kisu kikaanguka, nikakikalia. Hapo hakuna anayethubutu kupekua.

Alasiri wakarudi kutoka zahanati, mmoja kafungwa plasta, mwingine bendeji.

"Mikono ya kuchinja imekwisha," nikasema. "Umebaki wangu."

"Mama, mwanamke achinje?"

"Imamu kasema halali. Na siku za kuchinja bado zipo."

Nikamtoa mbuzi wangu wa maziwa, niliyempenda kuliko wao wote wawili, na nikawaambia hivyo hivyo. Wakamshika miguu, kila mmoja kwa mkono wake mzima, mabega yamegusana. Nikapiga bismillahi. Damu ikaruka, ikawapaka nyuso zote mbili. Hakuna aliyeachia.

"Tulieni hivyo hivyo," nikawaambia. "Kisu bado sijakiosha."