Njano Aliyevaa Bluu

Mwalimu wa chekechea aliolewa na mpaka rangi wa mageti, na faida aliyoiona waziwazi katika ndoa hiyo ni mabaki ya kwenye makopo. Kwa mabaki hayo alipaka vijiti vya kuhesabia. Kifupi kuliko vyote, cheupe, ndicho moja. Chenye urefu wake mara mbili, chekundu, ndicho mbili. Tatu kijani, nne zambarau, hivyo hivyo mpaka kumi. Watoto waliviunga sakafuni wakajionea wenyewe: kijani akifuatana na nyekundu, wanalingana na njano, yaani tano.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. "Hesabu ni kichwa, mwalimu, si duka la vitenge. Jumatatu nitawapima. Wakishindwa, vijiti vinakuwa kuni."

Jumapili jioni, mke akiwa sokoni, mume aliona vijiti vimechubuka, akaingiwa na huruma. Mwenye huruma na brashi mkononi ni wa kuogopwa. Kopo lilibaki moja, bluu ya geti la daktari wa meno. Akavipaka vyote, tena mikono miwili, rangi juu ya rangi.

"Umeniua, baba watoto," mke alisema, kikapu bado kichwani.

"Nimekuua wapi? Tazama vinavyong'aa."

"Tano iko wapi hapo?"

Mume akajikuna. "Wote wamo, mama. Wamevaa sare tu."

Jumatatu mwalimu mkuu alivimwaga sakafuni, uso kama wa mtu aliyekwisha kushinda kesi. "Tatu na mbili."

Watoto wakatazamana. Mwalimu alianza kusikia harufu ya moshi. Ndipo Pengo, binti asiye na meno ya mbele, akapiga magoti, akapima kijiti kwa kidole, kingine kwa kiganja, akaviunga, akatafuta cha kulingana navyo.

"Njano huyu hapa."

"Hicho ni bluu, binti."

"Ni njano. Amevaa nguo ya kaka yake."

"Na njano ni ngapi?"

"Tano." Pengo alimtazama kwa huruma. "Kumbe hata wewe hujui?"

Mwalimu mkuu akapiga magoti naye. "Haya, nitafutie saba."

"Jitafutie. Hapa kila mtu anajitafutia."

Akapapasa, akakosea, akaunga, akaipata, akacheka peke yake. Alipoinuka, viganja na magoti ya suruali yake vilikuwa bluu tupu. Mkono wa pili wa rangi haukuwa umekauka.

"Vibaki," alisema, akatoka akitembea kwa kutanua miguu.