Loki za Mkoba wa Juzuu

Talha alikuwa fundi wa vifaa vya filamu, na kwa ubishi hakuwa na wa kumfikia Temeke nzima. Ukimwagiza bunduki ya mbao, atakutengenezea ambayo polisi wakikuona nayo hawakuachi. Ndiyo maana Nikodemu, mwongozaji aliyekuwa akiirudia filamu moja ya miaka ya themanini, alipompa kazi ya brifkesi ya mhasibu mwizi wa filamu hiyo, hakumwambia atengeneze inayofanana.

"Nataka ileile, braza," alisema. "Watu wazima wataikagua kama mahari."

Talha akaitazama ile filamu mpaka macho yakamvimba, kisha akawa kiguu na njia. Mshikio wa ngozi aliutoa kwenye begi bovu la mtumba. Kona za chuma alizipata Vingunguti kwa muuza vyuma chakavu, baada ya kufukua lundo tangu asubuhi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Bitana ya kijani ilitoka kwenye kiti cha gari lililokufa zamani. Zilibaki loki mbili tu, nazo ndizo zilikuwa roho ya kitu chenyewe. Kwenye filamu, mhasibu anazisukuma pembeni kwa vidole gumba, zinaruka: ta, ta. Loki za shaba, zimechongwa ua dogo. Za Kichina za madukani alizijaribu zote, zikalia kama kizibo cha soda.

Alizikuta mahali asipopaswa kuzitafuta. Kwenye hitima ya jirani, Maalim Mwinshehe wa madrasa alifungua brifkesi kuukuu yenye juzuu thelathini, ile inayozunguka mtaa mzima kila anaposomewa marehemu. Ta, ta. Wenzake walipokea juzuu zao, wakainamisha vichwa. Talha alizikodolea macho loki. Mtu mzima, juzuu mkononi, hajui hata ameshika ya ngapi!

Kesho yake akamfuata Maalim nyumbani.

"Shikamoo Maalim. Nikikuletea mkoba mpya, mzuri kabisa, utanipa huu wa juzuu?"

"Marahaba. Huu ni wakfu, mwanangu. Hauuzwi wala haubadilishwi. Aliyeutoa kashazikwa, utamwomba nani ruhusa?"

Mwenye haya angeishia hapo. Talha akasema, "Basi naomba kuuazima. Nataka kumsomea baba."

Alijua anachokifanya. Mwenye kuazima mkoba wa juzuu haulizwi maswali. Ukimtaja maiti wako, unapewa. Na maiti alikuwepo kweli: Mzee Sultan, baba yake, mwaka wa tatu sasa yuko kaburini, na siku ya maziko huyu mwanawe wa pekee alikuwa mbali akijenga seti ya filamu. Hitima ya matanga walisoma majirani. Ya mtoto kumsomea baba yake haikusomwa. Kila Shaabani ikiingia, mama yake, Bi Mwamvita, alimuuliza, "Utamsomea lini baba'ako?" Na kila Shaabani alijibiwa, "Mwakani, mama."

"Mungu akutakabalie," Maalim alisema, akamkabidhi mkoba kwa mikono miwili.

Haikusomwa hata juzuu moja. Talha aliuweka mkoba juu ya meza ya karakana, akang'oa riveti, akahamisha loki, akapachika zile za Kichina na kuzipaka masizi na mafuta zionekane zimezeeka. Kazi ilikuwa safi, na usafi wake ndio unaotia hasira. Siku ya pili akaurudisha. Maalim macho yake yalishaingia ukungu. Hakuona kitu, akamwombea tena dua Mzee Sultan.

Siku ya kupiga picha, huko Goba, mwigizaji wa mhasibu alisukuma zile loki. Ta, ta. Mzee mmoja aliyeshika taa kwenye filamu ya kwanza akatokwa na machozi, akasema, "Ndiyo yenyewe hii." Nikodemu akamkumbatia Talha mbele ya watu wote. Talha alifurahi, tena furaha ya kweli, hilo tusimnyime.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwamvita akatokea karakana, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Talha akamwamkia, akamvutia stuli.

"Maalim kaniambia ulichukua juzuu ukamsomea baba'ako," mama alisema.

Talha alingoja matusi. Aliyatamani.

"Mie sikulaumu kwa kutoniita. Nyie vijana mna mambo yenu. Walikuja wangapi?"

"Kama kumi na tano hivi."

"Alhamdulillahi. Dua aliomba nani?"

"Ustadh mmoja wa huku huku. Humjui."

Kila swali lilimpa nafasi ya kusema kweli, na kila mara aliiacha ipite. Bi Mwamvita akaanza kulia.

"Nimekusema vibaya sana, mwanangu. Kwa shangazi zako, kwa majirani, nilikuwaga nasema sina mtoto. Nimekuja uniwie radhi."

Radhi huombwa na mtoto kwa mzazi, haijawahi kuwa kinyume. Lakini mama ndiye aliyekuwa akiteremka kwenye stuli kupiga magoti kwenye vumbi la mbao. Talha alimdaka mabega kabla hajafika chini. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, akajichukia.

"Mama, usifanye hivyo."

"Sema umenisamehe."

"Nimekusamehe, mama."

Bi Mwamvita akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akacheka kidogo.

"Basi moyo wangu umetua. Nilishakukatia tamaa, nikawa nimeweka mchele gunia zima, nimsomee mwenyewe Shaabani hii. Leo asubuhi nimempa jirani yangu Tunu, ana arusi ya bintiye. Baba'ako keshasomewa, tena na mwanawe mwenyewe. Anataka nini tena?"