Blanketi la Mabaki ya Sare

Nilikuwa nimeshafika geti la chini, begi begani, wakati Becky binti yangu alipochungulia kutoka gorofa ya tatu akaniita.

"Baba! Unaenda wapi tena?"

"Malaba. Kusalimia watu."

"Watu gani?"

Hapo alinipata. Nimeendesha malori tangu nikiwa kijana, nimelala kila kituo kati ya Mombasa na Kigali, na Malaba yote ninamjua mama mmoja wa chapati na askari mmoja wa kizuizi aliyestaafu.

"Nenda tu," Becky akasema. "Lakini urudi kabla Mama Lenox hajafika."

Mama Lenox ni mkwe wake. Becky alikuwa amejifungua msichana wiki hiyo, na kwetu Wakikuyu mtoto akizaliwa, wanawake wa upande wa mama yake huja kumwona. Hawaji kimyakimya. Huja na mitungi ya uji, vitenge, blanketi la mtoto, na nyimbo kuanzia mlangoni. Wanaume siku hiyo hutafutiwa kazi ya mbali. Lenox, mume wa Becky, ni mtu wa Ugunja, na mama yake alikuwa ametuma habari kwamba wakimaliza kuvuna mahindi atakuja na dada zake, na angefurahi kuwakuta wanawake wa upande wa Becky ili wakae pamoja.

Sasa wanawake hao niwatoe wapi? Mke wangu alitutoka zamani. Dada zangu pia. Binamu wapo, lakini mtu akiishi barabarani kama mimi, binamu wakikutana naye wanampisha wakidhani ni mgeni. Becky aliniambia mara moja tu, akimnyonyesha mtoto: "Nitakaa hapo katikati yao kama mtu aliyeokotwa sokoni." Hakurudia. Ndiyo sababu nilibeba begi. Mwanaume asiye na mwanamke hata mmoja wa kuleta, siku kama hiyo ni wa kazi gani?

Sikufika mbali. Kwenye barabara ya Argwings Kodhek mvua ilinishika, nikakimbilia ukumbi wa kanisa uliokuwa wazi. Ndani kulikuwa na wanawake na vyerehani. Kabla sijafuta maji usoni, mmoja akapiga kelele.

"Fundi amefika!"

Huyo alikuwa Mwalimu Nakhumicha, mwenye darasa. Ni mtu wa Bungoma, na sauti yake ni ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Mzee, tumekungoja tangu saa nane. Ni hii hapa. Inakula kitambaa."

Begi langu ni la turubai, limejaa mafuta ya gari. Nadhani lilifanana na la fundi. Na mimi nikionyeshwa mashine mbovu siwezi kupita hivihivi. Nikageuza skrubu moja, nikageuza ya pili, na spring ikaruka ikaingia kwa chai ya mama mmoja.

"Wewe si fundi," Mwalimu akasema.

"Sikusema ni fundi."

"Na mbona umefungua?"

"Si umeniambia ni hii hapa?"

Dada mmoja aliyekuwa kando ya dirisha akacheka mpaka akajidunga sindano. Yeye anaitwa Nzula, mzaliwa wa Machakos huko Ukambani, na hukaa mapokezi kwenye ofisi moja Upper Hill. Mwenye chai ya spring alikuwa Mama Mbuthia, ana nyumba za kupangisha Kawangware na hakuna kitu humwogopesha. Alitoa ile spring kwa kijiko, akaifuta, akaniwekea mkononi.

"Umetuharibia mashine, sasa utakaa," akasema. "Mwalimu, mpe sindano. Ashone kwa mkono mpaka mvua iishe."

Somo la siku hiyo lilikuwa kishikio cha sufuria: vipande viwili vya kitambaa, pamba katikati, unapitisha mishono juu yake ili pamba isihame. Nikawaambia naitwa Kiragu na kushona ninajua. Turubai la lori likichanika njiani nani hulishona kama si dereva? Nikavuta uzi, nikapiga mishono yangu, nikamaliza wa kwanza.

Mama Mbuthia alikichukua akakipindua. "Mzee Kiragu, hiki ni kishikio ama umefunga mzigo?"

"Hakitachanika."

"Kweli. Hata sufuria itachanika kwanza."

Mvua iliisha. Mimi nikabaki.

Nilirudi kwa Becky jioni hiyo nikamwambia Malaba wamenisalimia. Hakuuliza. Kuanzia hapo kila Jumanne na Ijumaa nilikuwa ukumbini. Tulishona aproni. Tulishona mfuko wa kwenda sokoni, wangu ukatoka bila mdomo kwa sababu nilizungusha mshono pande zote. Fundi wa kweli wa mashine alikuja akaitengeneza, na Mwalimu akanikataza kuisogelea.

Kisha akatuambia tutafanya blanketi la viraka, kila mtu lake. Vitambaa vya dukani ni ghali, kwa hivyo nikashuka mjini, upande wa River Road, ambako wanashona sare za shule, nikaomba mabaki. Walinipa gunia zima. Nilidhani wenzangu watafurahi.

"Haiya! Hii maruni itoe," Mama Mbuthia akasema mara moja, akishika kitambaa chekundu kilichokoza.

"Kwa nini?"

"Hiyo ni shule iliyotushinda netiboli nikiwa kidato cha pili. Walitukanyaga."

"Mama, hiyo ni miaka hamsini iliyopita," Nzula akasema.

"Na kidole changu hakijanyooka mpaka leo."

Wakaanza kulipekua lile gunia. Kijani hiki ni cha shule ya fulani, hawa walikuwa wakila nyama Jumapili. Drafti hizi za bluu ni za wale waliochoma bweni. Kijivu ni cha kila mtu, kiweke popote. Mkitaka kujua siri za Wakenya, wawekeeni mabaki ya sare mezani. Tulikubaliana maruni ikae kwenye kona, mbali na kijani cha Mama Mbuthia.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka blanketi la kitanda, la Becky, awe na kitu cha kujifunika akikaa na wageni. Nikapima kitanda chake, nikagawanya, nikakata vipande sawasawa kabisa na hesabu. Nilijivunia hesabu hiyo. Nilipoviunganisha vyote kuwa kitambaa kimoja nikakitandaza juu ya meza, hakikufunika hata nusu ya meza.

Mwalimu aliweka mikono kiunoni. "Mzee, uliacha nafasi ya mshono?"

"Nafasi gani?"

"Kila kipande kinamezwa kidogo pande zote nne ukikiunga! Unakata kikubwa kuliko unachotaka. Sijasema hivyo?"

"Alisema," Nzula akasema. "Wewe ulikuwa unatuhadithia mbuga ya Tsavo."

Nikakaa chini. Pengine mtu mwingine angecheka, na mimi hucheka kwa urahisi, lakini siku hiyo nilishindwa. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi.

"Kwani kilikuwa cha nani?" Mama Mbuthia akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Nikawaeleza. Binti, mjukuu, wakwe wanaotoka Ugunja, na upande wetu hakuna mtu hata wa kubeba mtungi wa uji.

"Kwa kitanda ni kidogo," Mama Mbuthia akasema, akikipima kwa viganja. "Kwa mtoto ni kipimo chake."

"Lakini hakijajazwa," Mwalimu akasema. "Kinataka pamba, kinataka kitambaa cha nyuma, na mishono ya kushika vyote vitatu. Kwa mkono mmoja hakiishi kabla ya Jumamosi."

"Hapa kuna mikono mingapi?" Nzula akauliza.

Tukakaa wanne, kila mtu na kona yake. Kazi ya namna hiyo ndivyo ilivyo: juu viraka, katikati pamba, chini shuka, na watu wanasogea pole pole kutoka kando kuelekea katikati mpaka magoti yanagusana. Wakanifunza kushona mishono midogo. Nilijitahidi. Haikuwa midogo.

Tulipokata uzi wa mwisho Mama Mbuthia akasema, "Uji nitapika mimi."

"Mama, si lazima—"

"Nyamaza, Mzee. Jumamosi tunakuja saa ngapi?"

Sikumwambia Becky. Niliogopa wasipokuja.

Jumamosi, wageni wa Ugunja walipoingia, mimi na Lenox tulifukuzwa nyumbani kama kawaida. Hatukwenda mbali, tulikaa kwenye ngazi. Muda si muda tukasikia wimbo ukipanda kutoka chini. Mama Mbuthia alikuwa mbele akiimba Kikuyu safi, na nyuma yake Nzula na Mwalimu Nakhumicha wakiitikia mahali pasipofaa. Walitupita kama hawatujui. Blanketi lilikuwa kichwani mwa Nzula.

Mlango walisahau kuufunga. Tulisikia kila kitu. Salamu, vicheko, uji ukimiminwa. Kisha sauti ya Mama Lenox, nzito na ya upole.

"Karibuni sana. Na wewe ni nani kwa Becky?"

"Shangazi," Mwalimu akajibu.

"Shangazi nani?"

"Nakhumicha."

"Kikuyu anaitwa Nakhumicha?"

"Niliolewa."

"Ukabadilishwa mpaka jina la kuzaliwa? Na wewe mwenye blanketi?"

"Nzula. Mimi pia shangazi."

"Uliolewa Ukambani."

"Hapana," Nzula akasema. Uongo hajauzoea. "Huko ndiko nilikozaliwa."

Mtu mmoja akakohoa. Halafu nikamsikia Becky, sauti nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: "Mama, nisamehe. Hawa mimi siwajui. Sijui Baba amewatoa wapi."

Nikasimama. Lenox akanishika suruali.

"Mzee, huko ni kwa wanawake!"

"Niachilie."

"Utaniharibia na mama yangu!"

Tukiwa katika hali hiyo tukamsikia Mama Lenox akisema, "Hebu lete hilo blanketi." Nikapanda ngazi kidogo nikachungulia. Hakutazama rangi kabisa. Alilipindua, akapitisha kidole juu ya shuka la nyuma, pole pole, kutoka kona mpaka kona.

"Hii midogo ni ya nani?"

"Yangu," Mama Mbuthia akasema.

"Hii inayolala upande?"

"Yangu," Nzula akasema.

"Hii imesimama kama polisi wa gwaride, bila shaka ni ya mwalimu." Mwalimu akainamisha kichwa. Kidole kikafika kona yangu. "Yawa! Na hii? Hii ni ya kushona magunia!"

"Hiyo ni ya Baba Becky," wakasema wote kwa pamoja.

"Yuko wapi?"

"Kwa ngazi."

"Baba Becky! Ingia ndani, acha kupigana na mtoto wangu."

Nikaingia, shati nje. Becky alinitazama, mtoto mikononi, macho yamejaa maji na mdomo haujui kama ucheke.

"Mkwe, niambie ukweli," Mama Lenox akasema. "Hawa ni nani wako?"

"Ni wa darasa langu la kushona."

"Mlikaa meza moja mkamshonea mjukuu wangu?"

"Tulikaa. Uongo wa shangazi ni wao, lakini blanketi ni letu sote."

Akageuka kuwatazama dada zake waliojaa kwenye makochi. "Mnasikia? Mtu ashone blanketi la mtoto mpaka goti lake liguse lako, halafu mimi niseme si wa upande wako?" Akavuta pumzi. "Hata hivyo hawa dada zangu, wawili ni wa kwaya ya kanisa. Dada wa kweli mmoja alikataa kuja, mguu unamuuma."

Mama mmoja mwenye kitambaa cha njano akainua mkono. "Mimi ni soprano."

Nyumba nzima ikalipuka. Nzula alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Becky, mama," Mama Lenox akasema, "watu wako wamefika. Pokea blanketi lako."

Becky akainuka akalipokea kwa mikono miwili, kutoka kwa Mama Mbuthia, kama inavyotakiwa. Kisha mimi nikafukuzwa tena.

Mtoto anaitwa Akinyi Nyawira. Mama Lenox alirudi Ugunja Jumatatu, na yule soprano alikaa kwa Becky wiki nzima zaidi. Ukumbi ulibomolewa ili fleti zijengwe, na Mwalimu Nakhumicha sasa anafundisha kwenye chumba kimoja cha Mama Mbuthia, ambaye alipasuliwa goti na anatembea vizuri. Nzula aliacha ofisi na anauza aproni Spring Valley siku za soko. Lenox na Becky walihamia Ngong. Maruni ilichuja rangi ilipofuliwa, na kona yote ikawa ya waridi. Mimi nilikwenda Kitale Agosti, nikarudi Septemba, na siku za Jumanne nipo darasani.