Nyuma ya Nakala ya Tatu

Kazi yangu ni kufuta vumbi kwenye makaratasi ya marehemu mwigizaji, aliyekuwa pia mshairi. Binti yake ameshakuja mara tatu kutafuta shairi alilotungiwa na babake alipozaliwa, akarudi mikono mitupu.

Leo bosi alinipa nakala tatu za mchezo mmoja. "Bakiza moja, nyingine choma."

Nikazigeuza karatasi moja moja.

"We dada, unasoma takataka?"

"Nasoma mgongoni mwa karatasi, bosi."

Nyuma ya nakala ya tatu kulijaa mashairi ya penseli, aliyoyatunga marehemu akisubiri zamu yake ya kupanda jukwaani. Moja lilianza kwa jina la bintiye.

Bosi akavua miwani. "Mpigie binti simu wewe mwenyewe. Halafu njoo tuzigeuze na zile nakala za kabatini zinazongoja kuchomwa."