Barua ya Mrithi wa Mzee Antipasi

Mwaka 1992, mtendaji wa kata kule Mtinko alikataa kumwandikia Winfrida barua ya kumtambua kuwa mrithi wa marehemu baba yake, Mzee Antipasi.

"Mlete mwanamume wa ukoo," alisema.

Winfrida, mtoto pekee, ndiye aliyelima shamba la baba yake tangu mzee augue. Akadandia lori la vitunguu pamoja na mama yake hadi Singida mjini, akalalamika mahakamani. Mtendaji akaitwa.

"Sheria gani inamzuia?" hakimu aliuliza.

"Ni mila tu, mheshimiwa."

"Basi mwandikie sasa hivi."

Winfrida aliisoma barua neno kwa neno, akairudisha.

"Umeandika 'binti'. Ongeza 'na mrithi'."

Mtendaji akaongeza. Mama yake Winfrida akapiga kigelegele mlemle mahakamani, na hakuna aliyemnyamazisha.