Mbwa Mkali Karibu

Kwenye herufi mimi sina mchezo. Mabango yote ya pande zetu nimeyaandika mimi: la zahanati, la kinyozi, la duka la mbegu, hata lile la mahakamani linalosema ZIMA SIMU. Miaka kumi na tisa hakuna aliyenionyesha kosa, na waliojaribu niliwapa majibu wakaondoka wenyewe. Sasa fikiria nilivyojisikia siku bango langu lilipoingizwa mahakamani kama kielelezo, limebebwa na askari kwapani.

Mshitakiwa alikuwa dada yangu, tumbo moja. Shitaka: kuingia kwa jinai katika kiwanja cha mtu. Mtu mwenyewe ni Mzee Posta. Tunamwita hivyo kwa sababu alifanya kazi posta mpaka akastaafu, na tangu afiwe na mkewe anaishi peke yake kule mwisho wa barabara.

Habari yenyewe ni fupi. Mbuzi wa dada alikata kamba, akapita getini kwa Mzee Posta, akaanza kufakamia maharage. Dada naye akamfuata mbio. Mzee akatoka na fimbo yake anafoka, "Wewe mama, hukuona bango?" Dada yangu, ambaye ulimi wake na wangu umetoka kwa mama mmoja, akamjibu, "Nimeliona! Si limeniambia karibu?"

Lo! Mbuzi angesamehewa, lakini kejeli ile haikusameheka. Mzee alikwenda moja kwa moja polisi.

Dada hakuogopa kufungwa. Alichoogopa ni Jumatatu. Jumatatu ile ndiyo angeanza kazi ya ulezi kwenye bweni la wasichana, kazi aliyoiomba miaka sita, na barua yao ilisema wazi kwamba hawamtaki mtu aliyewahi kutiwa hatiani. Askari mmoja alimshauri kwa upole, "Mama, kiri tu, utapewa onyo urudi nyumbani." Dada akaja mbio karakanani kwangu. Tukamuuliza karani wa mahakama, naye akasema, "Ukikiri umetiwa hatiani, hata wakikuachia kwa onyo. Linaandikwa." Basi siku ya kusomewa shitaka dada akalikana.

Ijumaa kesi ikasikilizwa. Chumba kilikuwa na mabenchi manne, dirisha lisilofunga, na hakimu mwanamama mwenye miwani minene. Mzee Posta akapanda kizimbani, akala kiapo, akasema, "Mheshimiwa, pale getini kulikuwa na mbao mbili. Mmoja unasema MBWA MKALI KARIBU, yaani yuko hapo jirani. Wa pili unasema USIINGIE. Huo wa pili sasa haupo. Aliyeung'oa ni huyu mama, apate kisingizio."

"Sijang'oa hata msumari!" dada akapiga kelele. Akageuka kunitazama, machozi yanamlengalenga.

Nami nilikuwa natokwa jasho mpaka kwenye soksi. Kwa sababu ubao wa pili, jamani, haukuwahi kuwepo. Mzee aliniagiza niandike "Mbwa mkali yuko karibu, usiingie." Ubao ukawa mfupi, na mimi napenda herufi nene. Nikabana hapa, nikakata pale, ikabaki MBWA MKALI juu na KARIBU chini, nikamwambia USIINGIE nitaileta wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilikuwa imetimiza miezi minne. Na aliponiuliza sokoni, nilimdanganya mchana kweupe: "Nilishaupigilia, mzee wangu, nguzo ya kushoto." Nilijua magoti hayamruhusu kwenda kukagua.

Nikasimama. Askari akaniambia kaa. Sikukaa.

"Mheshimiwa, mficha uchi hazai!" nikasema, na watu wakaanza kucheka kabla sijaeleza chochote. Nikaeleza yote, na la sokoni nikalitaja. Aibu niliyoiona siku ile simwombei adui yangu.

Hakimu akaagiza bango lisimamishwe juu ya meza. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasoma polepole. "Mbwa mkali. Karibu." Akanitazama. "Fundi, mimi nikifika hapa, anayenikaribisha ni nani? Mbwa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata mwendesha mashtaka alijificha nyuma ya faili.

"Na mbwa mwenyewe yuko wapi?" hakimu akauliza.

Mzee Posta akakohoa. "Hayupo, Mheshimiwa. Hajawahi kuwepo."

Hapo naye akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka, na dada yangu, mshitakiwa, ndiye aliyeinama akamwokotea.

Hakimu akagonga meza. "Sheria haitazami tu mguu ulikokanyaga, inatazama na nia iliyoupeleka. Huyu aliingia kumtoa mbuzi. Mzee, tuendelee, au mnapatana?"

"Tupatane," akasema mzee. "Maharage anipandie mengine. Na huyu fundi aje amalize kazi yake."

Mwendesha mashtaka akaomba kuliondoa shitaka, hakimu akalifuta, na faili likafungwa bila hatia yoyote kuandikwa. Nje dada alinikumbatia analia, kisha akanifinya mkono mpaka nikaruka. "Miezi minne! Ningekosa kazi kwa uvivu wako!" Nami nikaenda moja kwa moja karakanani kukata ubao wa pili.

Jumamosi tukaenda, dada na mbegu zake, mimi na ubao wa pili, pamoja na ule wa zamani tuliorudishiwa mahakamani. USIINGIE yangu ilikuwa imenyooka kama rula. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia. Mzee akaupokea ubao, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Mke wangu alipokuwepo, geti hili halikufungwa," akasema. "Alipoondoka nikaogopa wezi, ndiyo nikakuita wewe. Tangu hapo hakuna aliyepiga hodi. Wameingia wawili tu, mbuzi na dada yako, na mmoja nikampeleka mahakamani."

Nikachukua nyundo na misumari, nikaisogelea nguzo ya kushoto.

"Huu kauchome kuni," akanirudishia ubao. "Kwenye ule wa zamani, futa mstari wa juu."

Nikaufuta. Herufi zangu nene, nzuri, nikazisugua kwa mafuta ya taa mpaka zikaisha, na wala sikuumia sana.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza dada kazini, nimebeba sanduku lake, naye amevaa sare inayonukia upya. Tulipofika getini kwa Mzee Posta dada akasimama, akaweka mikono mdomoni, akaita, "Hodi!"

Kabla hata hatujamwona, sauti ikajibu kutoka ndani, "Bango si limeshakuambia?"