Kiti cha Kabichi

Loice alikuwa akipanga sukuma wiki kwenye kibanda chake sokoni Voi wakati Mutuku alipofika, mikono imejaa grisi. Mutuku ndiye fundi aliyenunua mabaki ya gari alilofia Elvis, mume wa Loice, kwenye kona za kuteremka mlima kutoka Werugha. Sasa alikuwa amelinyoosha na kulipaka rangi mpya.

"Mama Shantel, nimepata mteja wa Taveta," alisema. "Shida ni picha. Mtu akiandika namba ya chesisi kwenye mtandao, anaona vile lilipondeka. Wenye tovuti wanakubali kuzifuta, lakini mpaka mwenye gari aombe, na bado liko kwa jina lako. Bonyeza tu hapa."

Loice akapokea simu. Akakwama kwenye picha ya tatu. Ilikuwa ya kiti cha mbele cha abiria, kimekunjamana, na juu yake kabichi zilizopasuka.

Tangu gari lije, Elvis hakuwahi kumkalisha mbele. "Hicho kiti ni cha kabichi," alikuwa akisema. "Mke wangu ni abiria wa heshima, anakaa nyuma." Wanawake wa sokoni wakamcheka: "Loice, umeletewa mke mwenza wa kijani!" Naye alicheka nao, lakini akibaki peke yake ilimuuma. Siku ya ajali pia alikuwa nyuma. Alitoka na mkono uliovunjika tu.

"Si jambo geni," Mutuku alimhimiza. "Hata marehemu alizifuta zile za Japani."

"Za Japani zipi?"

Mutuku akajikuna shingo. "Nilidhani unajua. Gari lilikuwa limegonga huko kabla ya kuletwa. Ile mifuko ya hewa ya kuwakinga wanaokaa mbele ilishafumuka, na hakuna aliyeweka mingine. Baba Shantel alikuja kujua akiwa ameshanunua. Akaniambia, 'Fundi, nisaidie tufute hizi picha kabla mchungaji hajaja kuliombea gari. Loice akiziona, hatapata usingizi kila nikishuka mlima.'"

Loice aliketi polepole juu ya kreti. Kumbe kila alfajiri Elvis alipokuwa akiimba kwenye usukani, alikuwa anajua. Na yeye alikuwa nyuma, amenuna kwa sababu ya kabichi.

"Basi unabonyeza?" Mutuku aliuliza, sauti imeshuka.

"Huyo mteja wako ana mke?"

"Ana."

"Mwonyeshe mkewe hizi picha."

"Mama Shantel, hawatanunua!"

"Mwonyeshe, fundi. Sibonyezi."

Hakumrudishia simu. Aliikuza ile picha ya tatu kwa vidole viwili mpaka kabichi zikajaa kioo kizima. Walizikata pamoja shambani jioni ya kuamkia siku ya ajali. Elvis aliinua moja kubwa kuliko zote, akaibusu ili amchekeshe, akasema, "Huyu mnene kesho atakaa na mimi."